Mselem Amzidi Babake Miaka Kumi na Mmoja

Redio ya Haji Dele ina tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo zito. Alasiri ile ilikohoa mpaka Haji, muuza kahawa mwenyewe, akaizaba kofi ubavuni, ndipo msomaji habari akatokeza: vile vitabu vya kusafiria vya zamani, vyenye taji la Mwingereza kwenye jalada, mwisho wa mwezi havitakuwa na kazi tena. Mwenye kutaka kutoka nje ya Kenya apeleke chake kibadilishwe, na apeleke pia ushahidi kwamba yeye kazaliwa hapa na babake kazaliwa hapa.

Mbele ya kibanda cha Haji, pale Msambweni, kuna gogo la mnazi, na juu ya gogo ndiko wanakokaa waheshimiwa. Mwaka ule ulikuwa wa pili tangu uhuru, na hakuna aliyekalia gogo lile ambaye hakujua kuendesha serikali kuwashinda waliopewa.

"Mmesikia?" alisema Boga, akajinyoosha kama anayekaguliwa. "Taji limestaafishwa. Na mimi nililipigania taji hilo kule Bama! Likanipa nini? Malaria."

Boga huyu ndiye Jenerali. Kwa miaka ishirini gogo zima lilikuwa likipigana vita vya Bama, vile vya Mwingereza na Mjapani, kila alasiri, watake wasitake. Jenerali kavuka mto ameshika mkia wa nyumbu. Jenerali kamnyang'anya Mjapani kofia akaitumia kunywea uji. Na mto wenyewe, kila mwaka ulizidi kupanuka.

"Kusahihisha tu, Jenerali," alidakia Othman Kalamu, aliyekuwa karani wa mzee wa mtaa zama za Mwingereza na hajapata kupoa. Kalamu bado ilikuwa mfukoni mwake, ingawa wino uliikaukia zamani. "Taji halikustaafu. Limebadilishwa na ngao. Mambo ya ofisi hayo, nyie hamuyajui."

"Na samaki je?" Haji aliuliza huku akimimina. "Changu anayetoka Funzi asubuhi akala Pemba mchana, yeye atapigwa muhuri wapi?"

"Mkiani!"

Wakacheka wote, isipokuwa mmoja. Mselem bin Kombe alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili na hajakionja. Zamani alikuwa mpishi wa meli, siku hizi anapikia watu pilau za arusi, na kwa kawaida kicheko chake ndicho kilichotangulia. Siku hiyo alikuwa ameshuka basi la kutoka Mombasa saa moja tu iliyopita, na bahasha ya kaki aliyokwenda nayo alirudi nayo vile vile, imelowa jasho.

"Yakhe Mselem," alisema Haji, "mbona umenuna? Si wewe uliyekwenda kubadilisha kitabu?"

"Nilikwenda."

"Enhe?"

"Wamekataa."

Gogo lote likamgeukia. Hakuna kitu gogo lile lilipenda kama mtu aliyekataliwa.

"Wamekataa kwa sababu gani?" aliuliza Othman, na sauti yake ikawa ya ofisini.

Mselem aliona bora aseme mwenyewe kuliko kuja kusemewa. "Kitabu changu cha zamani kinasema nina miaka arubaini na nne. Sawa, ndiyo umri wangu. Wakataka waraka wa chifu kuthibitisha. Chifu akanakili daftari la mtaa, lile la wakati wa vita. Sikuusoma, nikaupeleka hivyo hivyo. Kumbe daftari linasema mimi nina miaka sitini na minane."

"Sitini na minane!" Jenerali alipiga paja. "Shikamoo!"

"Ngoja, sijamaliza. Kuonyesha kwamba baba alizaliwa hapa, nikapeleka cheti chake cha kazi ya gati. Marehemu baba alipokwenda kutafuta kazi walitaka vijana, basi naye akajikata miaka. Cheti kinasema kazaliwa mwaka elfu moja mia tisa na nane." Aliikunja bahasha magotini. "Yule bwana mdogo wa dirishani akachukua penseli, akajumlisha, akatoa. Akaniambia, mzee, wewe umemzidi babako miaka kumi na mmoja."

Gogo likatikisika. Haji aliweka dele la kahawa chini asije akajichoma. Jenerali aliinuka, akazunguka gogo, akarudi, akakaa, machozi yanamtoka.

"Mzee Kombe alipozaliwa," alisema akihema, "Mselem ndiye aliyekwenda kumwita mkunga!"

"Ndiye aliyempeleka chuoni kwa mwalimu wa Kurani!"

"Mselem, ulimtahiri babako mwaka gani?"

"Niacheni, jamani," alisema Mselem.

"Tukuache vipi? Ukifika Pemba utamkuta mjukuu wako ni kaka yako!"

Hilo la mjukuu lilimchoma. Wote walilijua, na Jenerali alilisema vile vile. Mtoto wa pekee wa Mselem, Waridi, aliolewa Pemba mwaka wa mwisho wa Mwingereza, na sasa ana mimba ya kwanza, mwezi wa tisa. Kwa desturi mimba ya kwanza mwanamke hurudi kwao kujifungua, lakini karatasi za Waridi nazo zilikwama ofisi ya kule. Mamake alikwisha kufa. Basi Waridi alimtuma baharia mmoja na maneno machache tu: Baba, kama mimi siwezi kuja, njoo wewe, umwadhinie mtoto, na akiwa mwanamume umpe jina la babu Kombe. Meli inaondoka Mombasa Ijumaa jioni. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Mimi sitaki kuchekwa," alisema Mselem, akaweka kikombe chini. "Mwanangu ananingoja. Hana mama. Nataka kufika, basi."

Haji akatazama chini. Hata Jenerali akakohoa.

"Na hiyo ofisi ilisema ufanye nini?" Sauti hii ilitoka pembeni. Kitheka, fundi baiskeli, Mkamba aliyehamia Ukunda kisha akasogea Msambweni, alikuwa amechutama anaziba pancha. Mkono wake wa kushoto ulikosa vidole viwili. Kwa miaka sita alikuwa akitengeneza baiskeli zao hatua tano kutoka gogo, na hawajawahi kumkaribisha akae.

"Wamesema niende Kwale, nirekebishe daftari. Nipeleke aliyeliandika, na shahidi mmoja mkubwa kwangu aliyekuwapo nilipozaliwa. Lakini shahidi mwenyewe umri wake uwe sahihi katika daftari hilo hilo."

"Basi kazi imekwisha," alisema Othman, akajikuna shingo. "Aliyeliandika ni mimi."

"Najua ni wewe! Si wewe uliyeniandika miaka arubaini na mitano na mimi nina ishirini na mmoja?"

"Nilikuokoa, mtovu wa shukrani! Walikuwa wanazoa vijana kupeleka vitani. Mamako alinijia analia, na kuku wawili mkononi."

"Na mayai manne," alisema Mselem.

"Kuku mmoja miaka kumi. Hayo mayai ni ile minne ya juu. Nilikuonea?"

Jenerali alisonya, msonyo mrefu wa kuoshea vyombo. "Aibu! Sisi tuko Bama tunakula mizizi, nyinyi huku mnanunua miaka kwa kuku! Ningejua ningerudi kuwafunga wote. Mselem, huna haki ya kupewa kitabu cha nchi huru. Kitabu hicho ni cha wanaume waliosimama."

"Mlete daftari," alisema Kitheka.

"Lipi?" Othman akashtuka.

"Hiyo kitabu. Si wewe unasemanga uko na nakala kwa sanduku? Tutafute huyo shahidi."

"Nakala ni mali ya ofisi."

"Ofisi gani, Othman?" alisema Haji. "Ulifukuzwa kabla redio hii haijanunuliwa. Nenda ukalete."

Othman aliondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alirudi na daftari limefungwa kwa kitambaa, kurasa zimeliwa na mende pembeni. Alitaka kulisoma yeye. Kitheka alifuta mkono kwenye suruali, akalichukua, akalifungua magotini.

"Nyumba ya Mzee Suleiman wa kisimani," alisoma pole pole, kila neno akilipigilia. "Suleiman mwenyewe, miaka sabini. Mtoto wake Haji, miaka hamsini na nane, kiziwi."

"Mimi?" Haji aliuliza, kisha akakumbuka. "Ah. Ndiyo. Yule jogoo mwekundu."

"Sasa kiziwi ndiye mwenye redio!" Mselem akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Nyumba ya Mwero. Othman bin Mwero, karani..." Kitheka akasita. Akasogeza daftari karibu na macho. "Imeandikwa hapa, amekufa."

"Nani kafa?"

"Yeye. Othman. Amekufa kwa homa."

Wote walimtazama marehemu. Marehemu alitazama kalamu yake.

"Makarani pia walikuwa wanachukuliwa," alisema Othman kwa sauti ndogo. "Na mimi kuku wa kujipa sikuwa naye."

"La ilaha illallah! Ukajiua bure?"

"Na kuanzia hapo daftari limeandikwa na maiti!"

"Nyamazeni!" alisema Mselem. "Kama mwandishi kafa, nitampeleka nani Kwale? Kitheka, ndugu yangu, endelea. Tafuta mmoja tu. Mtu mzima mmoja aliyesema kweli."

Kitheka alipekua. Kombo wa mwembeni, miaka hamsini na tisa, kumbe wakati ule alikuwa hajaota ndevu. Mshenga wa sokoni, sitini, mgonjwa wa safura. Ndugu wawili mapacha, mmoja hamsini, mwenziwe hamsini na saba.

"Mapacha, Othman? Mmoja kakaa tumboni miaka saba?"

"Mmoja alileta bata."

Mji mzima, ukurasa kwa ukurasa, ulikuwa wa vikongwe. Mselem alihesabu vidoleni nani alikuwapo alipozaliwa, na kila aliyemtaja, Kitheka alitikisa kichwa. Jenerali alikuwa amesimama, anatafuta viatu vyake.

"Unakwenda wapi, Jenerali?" aliuliza Haji.

"Nimekumbuka nina kuni za kupasua."

"Nyumba ya mzee mwashi," alisoma Kitheka, "mtoto wa dada yake, Boga." Akaupangusa ukurasa vumbi. Alipoendelea alisoma taratibu zaidi, kama mtu anayefaidi. "Boga. Miaka sitini na moja. Kipofu macho mawili. Guu moja bovu. Ametoa mbuzi."

Gogo zima likamgeukia aliyekuwa anatafuta viatu.

"Boga mwingine huyo," alisema Jenerali.

"Hakuna Boga mwingine," alisema Haji.

"Nilikwenda kwa siri! Kikosi cha siri, hakiandikwi!"

Kitheka alifunga daftari, akaweka mkono wake wa vidole vitatu juu yake. "Mimi nilikuwa huko, Bama," alisema. "Vidole zangu ziko huko mpaka leo. Sasa wewe, kambi yenu ya siri ilikuwa upande gani?"

Jenerali alifungua kinywa. Lakini aliyejibu ni mwingine.

"Ilikuwa jikoni kwangu."

Ni Bi Biasha, muuza vitumbua. Mkeka wake ulikuwa ng'ambo ya njia, na kila siku waliagiza vitumbua kwake, wakala, wakaendelea kutawala nchi bila ya kumuuliza neno. Alikuwa amesikia yote, kwani waheshimiwa hawajui kunong'ona.

"Siku tatu," alisema, akipindua kitumbua. "Waandikishaji walipopita, huyu alikuja mbio, akajitanda leso zangu mbili na ukaya kichwani, nikampa mchi. Alinitwangia mpunga wangu wote. Askari mmoja akapita akamsalimu, dada hujambo. Akajibu, sijambo kaka. Sauti nyembamba hiyo, ungemposa."

Haji alianguka kutoka kwenye gogo. Si kwa mfano, alianguka. Othman, maiti wa homa, alicheka mpaka kofia ikamtoka. Jenerali alikaa chini polepole, na kwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini mto wa Bama ulikauka.

Mselem hakucheka. Alikuwa anamtazama Bi Biasha. Akavuka njia, akachutama mbele ya mkeka.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilipozaliwa mimi ulikuwapo?"

"Nani aliyeshika taa? Mamako alinivunja mkono kwa kunibana. Ulitoka umekunja uso hivyo hivyo ulivyoukunja sasa."

"Na daftarini waliandika una miaka mingapi?"

"Nilisema arubaini na mitatu, na ndiyo niliyokuwa nayo. Mimi nilikuwa natafutwa na nani hata niongope? Wanawake wote wa mji huu mtatukuta humo sawasawa. Lakini nyinyi, tangu daftari liletwe mwapekua wanaume tu."

Kitheka akafungua daftari tena, akatafuta kwa kidole. "Biasha binti Shehe. Arubaini na tatu," alisema. "Hapana kuku."

Mselem alishika mkono wa yule mama wenye unga, na hakujali nani anamtazama. "Bi Biasha, nifanyie hisani. Kesho twende Kwale."

"Vitumbua nitamwachia nani?"

Mselem aligeuka akalitazama gogo. "Jenerali atauza. Jikoni hana ugeni."

Kesho yake walikwenda, Bi Biasha, Mselem, na marehemu Othman amevaa koti. Yaliyopita huko Bi Biasha ndiye aliyeyasimulia. Bwana wa ofisi, kijana wa bara mwenye adabu, alimwapisha, akaandika yote. Halafu akauliza, na huyu mwandishi, mbona kwa daftari lake mwenyewe amekufa? Bi Biasha akainua mkono tena. "Naapa yu hai," alisema, "ingawa faida yake sijaiona." Kijana akagonga muhuri. Jumatano Mselem alilala Mombasa kwa jamaa, na Alhamisi adhuhuri alitoka pale dirishani na kitabu kipya, chenye ngao na mikuki, na ndani yake miaka arubaini na minne, iliyo yake.

Alirejea Msambweni alasiri ile ile kuchukua sanduku. Alipita kwa Haji kuaga. Gogo lilikuwa limejaa, lakini hakuna aliyekuwa anatawala chochote. Haji alikuwa ameshika barua, anaisoma mara ya tatu.

"Huyo bwana wako wa Kwale," alisema, "baada ya nyinyi kuondoka aliendelea kufunua kurasa. Anauliza, mji huu wakati wa vita vijana walikuwa wapi. Anasema mwenye kutaka karatasi yoyote ya serikali kuanzia leo, atangulie kwake kusahihishwa. Aende mwenyewe, akaeleze kwa kinywa chake umri umeharibika vipi."

"Basi mkaeleze," alisema Mselem.

"Tukaeleze!" Haji alikuwa karibu kulia. "Nina ombi la leseni ya kibanda!"

"Mimi nimeomba shamba la serikali," alisema Jenerali. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine kabisa. "Jumamosi ndiyo mwisho. Mselem, wewe umepita pale. Nikisimama mbele ya yule kijana, niseme nini?"

"Sema kweli."

"Ile ya mpunga?"

"Ndiyo hiyo."

Jenerali alifikiri. Walimwona akifikiri. Kisha akaondoka bila ya kuaga, na mmoja mmoja wakamfuata, hata gogo likabaki tupu na Haji peke yake na vikombe vichafu.

Ijumaa asubuhi Mselem alisimama barabarani na sanduku lake, anangoja basi. Bi Biasha alikuja kumsindikiza na kifurushi cha vitumbua vya Waridi na chupa ya mafuta ya nazi ya kumkandia. Mselem alikipapasa kitabu mfukoni, kisha akakipapasa tena. Usiku alikuwa ameota anaadhini na sauti haitoki, akaamka, akaadhini kimya kimya peke yake chumbani, mpaka akahakikisha haikumpotea.

Basi lilipotokea, kutoka upande wa msikiti alijitokeza mtu amevaa miwani myeusi, fimbo mkononi, anaburuta guu moja, anapapasa hewa. Alikuwa amejipaka unga wa ngano nywelini. Kitheka alikuwa pale na baiskeli yake. Akaangalia mara moja, akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Jenerali alikuwa amechagua. Kuliko kusema kweli ya mpunga, alikuwa anakwenda Kwale kuwa yule Boga wa daftarini, miaka themanini na minne, kipofu macho mawili. Na ndani ya basi, dirisha la mbele kabisa, alikaa tarishi wa ofisi ya Kwale, aliyeleta ile barua jana, anamtazama kwa huruma.

Mselem angeweza kumfedhehesha papo hapo. Aliyakumbuka matani yote, ya mkunga, ya chuo, ya mjukuu kuwa kaka. Lakini Waridi alikuwa anangoja, na moyo wake ulikuwa mweupe asubuhi ile. Akasogea, akainama kwa heshima zote mbele ya Boga, aliyemzidi miaka mitatu.

"Shikamoo, babu," alisema kwa sauti ya kusikika basi zima.

Miwani ile myeusi ilimgeukia. Tarishi alikuwa anasikiliza.

"Marahaba," alijibu Jenerali, amekaza meno. "Marahaba, mjukuu wangu."

"Mshike mkono babu yako, Mselem," alisema Bi Biasha, "mpandishe pole pole. Leo ndiyo kwanza anakwenda Bama."